Altaneta ya ampea 150 kwenye waya wa ampea 80: kisa cha Land Cruiser ya safari iliyokaribia kuungua

Gari yenyewe ni Land Cruiser ya safari yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 isiyo na kompyuta, bodi imerefushwa na paa linafunguka, yaani zile ambazo ukisimama asubuhi barabara ya Arusha kwenda Makuyuni zinapita moja baada ya nyingine. Altaneta yake ya mwanzo, yaani kile kifaa kinachozungushwa na belti ya injini na kuchaji betri, ilikuwa ya ampea 80, na kwa kazi iliyopangiwa 80 inatosha kabisa, taa, wipa, feni ya hita, kuchaji betri moja, basi. Lakini gari za safari siku hizi zinabeba umeme wa nyumba nzima: friji ya vinywaji, inveta ya wati 2000 ya kuchajia kamera na laptop za wageni, redio kol, soketi ya simu kila kiti, na huyu mwenye gari akaongeza betri ya pili nyuma, lithiamu ya 100Ah, ikaungwa na betri ya mbele kwa rilei tu, yaani swichi inayojiwasha kwa umeme. Altaneta ya 80 ikazidiwa, akaagiza ya 150, ikafungwa, taa ya chaji ikazima, kila mtu akaridhika. Waya haukuguswa, fyuzi haikuguswa.

Naandika kisa hiki kirefu kidogo kwa sababu gari hii moja imepitia makosa matatu tofauti ya fyuzi, na kila kosa lilifanywa na mtu aliyekuwa anajaribu kurekebisha lile lililotangulia. Na ni makosa nayaona kila mara kwenye gari za watu, sio za safari tu, hata pikapu za kawaida zilizofungwa muziki mkubwa.

Tukio la kwanza lilitokea juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Kule ni mita kama 2300, asubuhi ni baridi kweli. Gari ililala nje, friji ikafanya kazi usiku kucha, na kwa kuwa rilei ya aina ile iliachia kwa kuchelewa betri zote mbili zikawa chini. Dereva akawasha mapema ili wawahi kushuka, akapandisha resi injini ipate joto, wageni wakaingia na kuchomeka vitu vyao. Baada ya muda, wako njiani kuelekea mteremko, taa za mbele zikang'aa ghafla kwa nguvu isiyo ya kawaida, zikafa zote mbili kwa pamoja, na redio kol ikanyamaza. Injini ikaendelea kunguruma kama hakuna kilichotokea, maana 1HZ pampu yake ni ya kimakanika na inachohitaji ni umeme kidogo tu wa kushikilia solenoidi ya mafuta, ile vali ya umeme inayoruhusu mafuta kupita.

Kilichokatika ni ile fyuzi kubwa ya ALT ndani ya boksi la fyuzi, ya ampea 100. Wengi wanasema fyuzi ilikuwa mbovu. Hapana, ilifanya kazi yake sawasawa.

Angalia mahesabu. Ile namba 150 iliyo kwenye kibandiko cha altaneta haitoki hewani, kipimo cha ISO 8854 kinasema altaneta izungushwe mara 6000 kwa dakika, volti 13.5, joto la hewa kama nyuzi 23. Ikiwa ya baridi zaidi ya hapo inatoa zaidi ya namba yake, kwa sababu shaba ya ndani ikiwa baridi ukinzani wake unapungua, na ikipata moto inashuka chini ya namba yake. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote kwa fyuzi ni ile ile ya Ngorongoro: altaneta ya baridi, resi juu, betri tupu, na mizigo yote imewashwa. Baadaye niliipima altaneta hii kwa klampu mita ya DC, ile inayoshika waya kwa nje na kusoma ampea, ikiwa baridi ilifika ampea 158, ikishapata moto vizuri ikakaa kwenye 118 hivi. Sasa weka 158 kwenye fyuzi ya 100. Fyuzi za bolti za aina ya MEGA kwa asilimia 135 ya namba yake zinatakiwa kukatika kati ya dakika 2 na dakika 30 hivi, na kwa asilimia 200 ni sekunde 1 hadi 15. Huyu alikuwa katikati ya hapo, yaani ni suala la dakika tu.

Na kwa nini haikukatika wiki za mwanzo? Lithiamu. Betri ya kawaida ya asidi ikiwa tupu inavuta umeme mwingi dakika chache za mwanzo halafu inaanza kupunguza yenyewe, ukiangalia klampu mita unaona namba inashuka taratibu, kwa hiyo fyuzi ndogo inapata nafasi ya kupoa. Lithiamu haina tabia hiyo, ikiwa tupu inavuta kila utakachoipa na inaendelea kuvuta hivyo hivyo mpaka inakaribia kujaa. Mwanzoni betri hiyo haikuwa inafika chini kabisa, siku ilipofika chini ndio fyuzi ikasema ukweli.

Taa nazo zilikufa kwa nini, hapa ndipo watu hawapafahamu vizuri na ni muhimu sana. Altaneta ikiwa inasukuma ampea mia na kitu halafu njia ikatike ghafla, sumaku iliyo ndani ya rota haiwezi kuzima papo hapo, inachukua sehemu ya sekunde kutulia, na kwa muda huo volti inaruka. Kiwango cha ISO 16750-2 kinachotumika kujaribia vifaa vya magari kinachukulia mruko huo kwenye gari ya volti 12 unaweza kuwa volti 79 hadi 101, ukidumu mpaka milisekunde 400, kama altaneta haina kinga. Zenye diodi za zena ndani, vifaa vidogo vinavyomeza volti iliyozidi, zinakata kilele hicho mpaka kama volti 35, ambayo bado kwa taa ya volti 12 ni kifo. Kwenye gari hii taa na swichi zinalishwa upande wa altaneta wa ile fyuzi, kwa hiyo ilipokatika betri ikawa imetengwa, hakuna wa kumeza ule mruko, ukaenda moja kwa moja kwenye taa na redio. Ingekuwa ni gari yenye kompyuta ya injini hasara ingekuwa ya pesa nyingi. Ndio maana fyuzi ndogo kwenye njia ya altaneta sio usalama wa ziada kama watu wanavyodhani, inapokatika ovyo inaharibu vitu.

Huko Karatu fundi akafungua, akakuta imekatika, fyuzi ya aina hiyo hana, wageni wanasubiri, akafunga kipande cha waya wa shaba gari ikatembea. Tumuelewe, wengi wetu tungewafikisha wageni kwanza. Tatizo lilikuja Arusha. Gari ikapelekwa mahali ikafungiwa fyuzi mpya ya nje ya ampea 200, na kishikilia chake kizuri cha plastiki chenye mfuniko, kikafungwa karibu kabisa na altaneta, waya ukabaki ule ule wa kiwandani, waya wa 8, yaani milimita za mraba 8. Maelezo aliyopewa mwenye gari ni kwamba fyuzi inalinda altaneta kwa hiyo inakaa karibu na altaneta.

Sentensi hiyo moja ndiyo iliyokaribia kuichoma gari.

Fyuzi hailindi altaneta. Altaneta hata ukiipiga shoti pale kwenye bolti yake haiwezi kutoa zaidi sana ya namba yake, sumaku zake zenyewe zinaizuia, ndivyo ilivyoumbwa. Fyuzi inalinda waya. Waya ndio unaowaka, ganda lake ndilo linaloshika moto. Na adui wa waya huu hayuko upande wa altaneta, yuko upande wa betri. Betri ya gari yenye afya ina ukinzani wa ndani wa milioomu chache tu, ukigusisha waya wake kwenye bodi inatapika ampea zaidi ya elfu moja bila kuulizwa. Waya wa altaneta una umeme wa betri saa zote, gari iwake isiwake, hata imelala usiku, tena diodi za altaneta zikifa shoti njia ni ile ile, umeme unatoka betri kurudi altaneta. Sasa ukiweka fyuzi kule altaneta, waya wote kuanzia betri mpaka kwenye fyuzi uko uchi.

Tukio la pili likatokea wakirudi kutoka Tarangire, karibu na Makuyuni. Kwa fyuzi ya 200 altaneta sasa ilikuwa huru kusukuma yote. Waya wa 8 wenye urefu wa mita 1.8 una ukinzani wa kama milioomu 4 (shaba ni 0.0175, zidisha kwa urefu, gawa kwa unene), ampea 140 zikipita pale unapoteza nusu volti na zaidi, na wati 77 zinageuka joto ndani ya waya wenyewe, ndani ya boneti ambayo tayari ni tanuri. Majedwali ya waya za kwenye boti, ambayo mimi huyatumia kwa sababu yanatenganisha waya ulio nje na ulio chumba cha injini, yanaupa waya wa unene huo kwenye joto la injini ampea kama 68 tu, tena kwa ganda la daraja la nyuzi 105. Na fyuzi ya 200 ikipitiwa na 140 ni asilimia 70, haitakatika leo wala kesho. Kwa hiyo kilichobaki kuwa fyuzi ni waya.

Ganda likalainika pale waya unapopita juu ya breketi, mtikisiko wa barabara ukamalizia, shaba ikagusa chuma cha injini. Hapo ndipo betri ikaingia kazini. Ampea elfu moja kwenye waya ule ni kama kilowati 3 za joto na zaidi, moshi ulitoka kabla dereva hajasimamisha gari vizuri. Alichofanya dereva ndicho kilichookoa gari na watu: alizima, akawatoa wageni wote, akafungua boneti akakimbilia klampu ya betri na spana namba kumi, hakuhangaika na kumwaga maji wala kutafuta fyuzi. Nilipoletewa gari, fyuzi ya 200 ilikuwa nzima kabisa. Waya umeungua toka upande wa betri mpaka pale ulipogusa.

Haya, sasa tunaipangaje upya. Mpangilio ninaoufuata hauna siri, unaanza na altaneta, unaenda kwenye fyuzi, halafu kwenye kebo, na kila hatua inakuwa kubwa kuliko iliyotangulia. Altaneta ndogo kuliko fyuzi, fyuzi ndogo kuliko uwezo wa kebo. Ukipindua mahali popote hapo unapata moja ya matukio mawili niliyoeleza.

Altaneta ni 150. Fyuzi isibebeshwe zaidi ya asilimia 80 ya namba yake kwa muda mrefu, kwa hiyo 150 gawa kwa 0.8 unapata 187.5, na kwenye MEGA saizi inayofuata juu ni 200. Nikaangalia kipimo changu cha baridi, 158 kwenye 200 ni asilimia 79, bado iko salama. Mwenye gari aliniuliza, fundi, mbona tusiweke 175, ni ndogo kidogo si ndio usalama? Kwa 175 ile 158 inakuwa asilimia 90, na ukumbuke namba ya fyuzi imepimwa kwenye joto la chumba, ndani ya boneti uwezo wake unashuka, kwa hiyo tungeirudisha gari Ngorongoro kwenye tatizo lile lile, tena na ule mruko wa volti. Na 250? Hiyo inakudai kebo nene zaidi bila faida yoyote, altaneta haitafika huko.

Kebo nikachukua ya 50, yaani milimita za mraba 50. Kwa yale majedwali, unene huo kwenye chumba cha injini unabeba kama ampea 240 kama ganda lake ni la nyuzi 105, kwa hiyo fyuzi ya 200 itatangulia kukatika kabla kebo haijaumia. Ya 35 inabeba kama 178, iko chini ya fyuzi, nikaiacha japo ni rahisi kuipinda na bei yake ni nafuu. Na ile 50 inapunguza upotevu, kwa urefu ule ule wa mita 1.8 ampea 150 zinapoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya volti.

Hapa niseme kitu kuhusu kebo zinazouzwa. Kebo nyingi za rangi nzuri kwenye maduka ya muziki wa magari ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na hiyo inapitisha kama theluthi mbili tu ya shaba halisi, yaani kebo ya 50 ya namna hiyo ni kama ya 33. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiwa mweupe ndani irudishe dukani. Mimi napenda kebo ya mashine ya kuchomelea, ile ya nyuzi nyembamba nyingi, ni laini na inavumilia mtikisiko, ila soma ganda lake linavumilia joto gani, na ipitishe ndani ya bomba la kinga mbali na egzosi.

Fyuzi nikaifunga upande wa betri, sentimita kama 15 kutoka kwenye bolti ya chanya. Upande wa altaneta hakuna fyuzi na haihitajiki, kwa sababu kebo inaweza kubeba yote ambayo altaneta itatoa hata katika siku yake nzuri kuliko zote.

Waya wa zamani wa kwenda kwenye boksi la fyuzi sikuuacha hivi hivi, uliungua, nikaweka wa 16 na nikarudisha fyuzi ya kiwandani ya 100 mahali pake. Sasa kuna njia mbili sambamba. Umeme unagawanyika kufuatana na ukinzani, njia nene inabeba sehemu kubwa, ile ya kiwandani inabaki na sehemu ndogo ambayo haiisumbui ile 100. Faida yake ni kwamba hata kama ile 200 itakatika siku moja, altaneta haitengwi na betri ghafla, mzigo unahamia kwenye 100, nayo itachukua dakika kadhaa kabla ya kukatika, hakuna mruko wa volti wa ghafla papo hapo na dereva anapata muda wa kupunguza mizigo kama amewekewa ampea mita. Tumemwekea.

Halafu ardhi, jamani ardhi. Ampea 150 zinazotoka kwenye chanya lazima zirudi, na mkanda wa ardhi wa gari hii kutoka injini kwenda hasi ulikuwa umekula kutu nusu. Ukiacha hivyo umeme unatafuta njia nyingine, unapita kwenye kebo ya ekselereta, kwenye mabomba, popote penye chuma. Kebo ya 50 nyingine kutoka bodi ya altaneta mpaka hasi ya betri, na nyingine injini kwenda chesi, rangi ikakwanguliwa mpaka chuma kikang'aa.

Betri ya lithiamu nikaitoa kwenye rilei, nikaifungia chaja ya DC-DC ya ampea 60, ile inayochukua umeme wa betri ya mbele na kuchaji ya nyuma kwa kipimo. Sababu sio waya tu, ni altaneta yenyewe: gari ikisimama inanguruma wageni wanapiga picha simba, altaneta inazunguka taratibu, feni yake haipepei vizuri, na lithiamu bado inavuta kila kilichopo, altaneta inaiva. Chaja inaweka kikomo. Upande wa mbele inavuta kama ampea 70, nikaweka fyuzi ya 100 kwenye betri ya mbele na nyingine ya 100 kwenye lithiamu huko nyuma, kebo ya 35. Fyuzi mbili kwa sababu kebo hii ina betri kila mwisho, ikichubuka katikati inapigwa toka pande zote mbili.

Mambo mawili ya altaneta yenyewe nayagusa haraka kwa wenye 1HZ. Nyingi zina pampu ya vakyumu nyuma ya altaneta, hiyo ndiyo inalisha sevo ya breki, kwa hiyo altaneta mpya lazima iwe na sehemu hiyo, hakuna mjadala. Na ampea 150 kwa volti 14 ni wati 2100, ukizingatia hasara za ndani injini inatoa kama kilowati 3.5 kupitia belti, belti zilizolegea zitateleza na kulia, badilisha zote kwa pamoja.

Majaribio. Gari ikiwa baridi, betri zimeshushwa makusudi, taa zote, friji, inveta na mzigo, resi 2000. Nilipima kwa milivolti moja kwa moja juu ya fyuzi ya 200, mguu mmoja wa mita kila upande wa bolti, nikapata 52. Kipimo hiki watu hawakifanyi na ndicho kinachotofautisha fyuzi nzuri na feki, na kishikilia kizuri na kibaya. Ukikuta milivolti mia mbili pale kwa ampea 140 ujue kuna wati 28 zinachoma plastiki ya kishikilia, na fyuzi itakatika kwa joto la nati iliyolegea hata kama umeme haujazidi. Kutoka bolti ya altaneta mpaka chanya ya betri jumla ikawa volti 0.19, na upande wa ardhi 0.08. Baada ya nusu saa nikagusa kebo kwa mkono, ya uvuguvugu, naweza kuishika bila shida.

Gari imerudi Serengeti. Nilimwomba dereva arudi baada ya safari ya kwanza ili nati zote za kebo zikazwe tena, kwa sababu shaba ya lagi, yaani vichwa vya kebo vinavyofungwa kwenye bolti, inajikandamiza ikishapata moto na kupoa mara kadhaa, na kweli mbili zilikubali robo mzunguko. Kwenye boksi la spana anatembea na fyuzi ya 200 moja, ya 100 mbili, spana ya kuzifungulia, na karatasi yenye mchoro wa njia zote mbili na namba ya kila fyuzi, ili fundi yeyote atakayemkuta njiani ajue kinachotakiwa kurudishwa pale.